Kiwewe na tiba ya mazungumzo: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni mnasihi, yaani mshauri wa kisaikolojia, na ni wachache sana wanaofika kwangu wakiwa na neno "kiwewe" mdomoni. Wengi huja na kichwa kisichoacha kuuma, usingizi uliokimbia, hasira za ghafla, au mke aliyewaambia, "Nenda kaongee na mtu, la sivyo narudi kwetu." Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara, mengine huulizwa mlangoni kabla mtu hajavuta kiti. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana, kwa hiyo mengine yamerefuka na mengine yamekatika mapema.

Kiwewe ni nini hasa? Si ni huzuni tu?

Mwenye huzuni anajua kwamba jambo limeshatokea. Mwenye kiwewe anajua hivyo kichwani, lakini mwili wake haujapata habari. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni utepe wa jani la kusukia, hauna meno wala sumu, na aliyeumwa analijua hilo vizuri. Bado moyo unamruka, jasho linamtoka, na miguu imeshaanza kukimbia kabla hajawaza lolote.

Kinachofanya hivyo ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala. Kazi yake ni ulinzi. Ifananishe na mlinzi wa usiku ambaye, tangu nyumba ilipovunjwa mara moja, anapuliza filimbi kwa kila paka anayepita. Si mlinzi mbaya. Amekataa tu kuamini kwamba usiku ule umekwisha.

Dalili zenyewe huja kwa makundi. Lipo kundi la kurudiwa: jinamizi, picha zinazoingia bila hodi, harufu inayokurudisha mahali pale pale. Lipo la kukwepa: barabara usiyoipita tena, jina usilotaka litajwe. Lipo la kukaa macho muda wote, kushtushwa na mlango, kulala na taa. Na lipo la moyo kufa ganzi, hata harusi ya mdogo wako ikakuta huna furaha wala chuki. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili katika mwongozo wao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini watu walikuwa nalo tangu zamani. Nchini Rwanda, baada ya 1994, wengi walilieleza kwa neno lao wenyewe, *ihahamuka*, lenye picha ya mtu aliyekatika pumzi.

Kila aliyepatwa na janga anahitaji tiba?

Hapana, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu wapo wanaokimbilia kumpa kila mtu "kaunselingi" siku ya pili ya msiba. Kukosa usingizi, kulia, kushtuka ovyo katika wiki za mwanzo ni mwili unafanya kazi yake. Wengi hutulia wakipata usalama, chakula, ndugu na ratiba ya kawaida. Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu kikao kimoja na kumlazimisha asimulie yote mara tu baada ya tukio. Kinachofaa siku hizo ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kumsogeza mahali salama, kumpa maji, kumsikiliza akitaka kusema, kumtafutia watu wake kwa simu.

Mwezi ukipita dalili ziko pale pale, au zinaongezeka, au umeshindwa kazi na malezi, hapo tafuta mtaalamu.

Nimeshaongea na shoga zangu mpaka wamechoka. Mnasihi ataongeza nini?

Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwa hao shoga zako wenyewe. Rafiki akikupenda, machozi yako yanamwumiza. Kwa hiyo unapofika pale pabaya zaidi anakukatiza: "Basi, yaache, yamepita, mshukuru Mungu uko hai." Anakufunika kwa nia njema. Mara kumi umeanza hadithi, mara kumi imeishia mahali pale pale, na mahali pale pale ndipo palipo na mwiba.

Ubongo nao umejifunza kwamba ukikaribia kumbukumbu ile, ukakimbia, unapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayokufunga. Mfikirie mtu aliyenusurika MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Anasema hatapanda chombo tena, hakuna atakayemlaumu. Mwaka unaofuata hafiki tena bandarini. Mwingine, hataki kusikia honi ya meli. Baadaye anaogopa hata kelele za mawimbi, naye anaishi kisiwani! Kila alipokwepa alipata nafuu ya saa moja, na ulimwengu wake ukapungua kwa hatua moja.

Mnasihi aliyefunzwa anakwenda kinyume, polepole na kwa makubaliano. Wiki hii mnatazama picha ya meli. Wiki ijayo mnatembea hadi forodhani na kukaa nusu saa, mnakunywa kahawa, mnangoja mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Baadaye mnaingia chombo kilichofungwa gatini. Halafu safari fupi. Kila hatua mwili unangoja balaa, na balaa haliji. Hivyo ndivyo yule mlinzi anavyofundishwa upya. Maneno peke yake hayamtoshi, anataka aone. Njia hii ya kukabili hatua kwa hatua imetumika miongo mingi, na anayetajwa sana kwa kuisukuma katika kiwewe ni Edna Foa, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake Marekani.

Dada, kwa hiyo lazima nisimulie kila kitu?

Si siku ya kwanza, na si kwa njia zote. Zipo tiba ambazo kumbukumbu yenyewe huguswa kidogo tu: mnashughulikia mawazo, usingizi, pumzi, ugomvi wa nyumbani. Ile ya kusogeza macho huku ukishika kumbukumbu akilini, aliyoianzisha Francine Shapiro mwaka 1987, haihitaji maelezo marefu. Una haki ya kusema "leo hapana." Mtu anayekulazimisha ufunguke kikao cha kwanza, mwache.

Lakini niwaelezee njia moja inayodai usimulie, kwa sababu naipenda kuliko zote na kwa sababu imepata kuota mizizi kwetu. Inaanza na kamba. Mnaitandaza sakafuni, ncha moja ni kuzaliwa kwako, nyingine ni leo, na kilichobaki kimekunjwa kwa ajili ya siku zijazo. Kando yake mnaweka mawe na maua. Jiwe ni kila lililokuumiza: kifo cha baba, kijiji kuchomwa, siku ile barabarani. Ua ni kila jema: shule uliyoipenda, bibi aliyekulea, mtoto wa kwanza. Watu hushangaa kuona maua mangapi walikuwa wameyasahau. Kisha, kikao baada ya kikao, mnatembea kwenye kamba hiyo tangu mwanzo, na kila mnapofika kwenye jiwe mnasimama. Uliona nini? Ulisikia nini? Mwili ulifanyaje? Sasa hivi, hapa kwenye kiti, mwili unafanyaje? Mnasihi anaandika, na kikao kinachofuata anakusomea hadithi yako, nawe unaisahihisha.

Nimegundua kitu ambacho sikufundishwa darasani, labda kwa sababu vitabu vyetu vilikuwa vya lugha nyingine. Mwanzoni mtu anasimulia kwa "-na-": *wanaingia, wananishika, mama analia*. Macho yameganda, mikono inatetemeka, hayupo chumbani, yupo kule. Inakuja siku, aghalabu kikao cha tano au cha sita, unasikia kitenzi kimegeuka: *waliingia, wakanishika, mama akalia, wakaondoka.* "Wakaondoka"! Wiki zote zile walikuwa hawajaondoka. Sasa tukio limepata "-li-" na "-ka-" zake kama hadithi nyingine yoyote, lina mwanzo na lina mahali lilipoishia. Siku hiyo huwa sisemi kitu, namwongezea chai.

Haya si mambo ya Wazungu wenye muda na pesa?

Njia ya kamba walioiunda ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani: Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Hilo silifichi. Lakini tazama walikoijaribu na walioifanya. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, waliwafunza wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari wala wanasaikolojia, wawatibu wakimbizi wenzao wa Kinyarwanda na Kisomali. Walioshiriki walikuwa 277. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi tisa baada ya tiba, karibu asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hivyo hawakuwa tena na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa. Kundi lililopata unasihi wa kawaida lilifika 65. Ambao walifuatiliwa tu bila tiba, 37.

Zitazame namba hizo tena. Unasihi wa kawaida, ukifanywa vizuri, haukuachwa mbali na njia yenye jina kubwa. Na zaidi ya theluthi moja walipona bila tiba yoyote. Kwa hiyo mtu akikuambia njia yake ndiyo pekee iponyayo, mashaka ni haki yako.

Mashariki mwa Kongo ushahidi ni mzito zaidi, na simulizi zake ni nzito pia. Hospitali ya Panzi pale Bukavu, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewapokea maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 yeye na Nadia Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Upasuaji hurekebisha mwili. Kinachobaki ni wazo, na wazo lenyewe aghalabu ni hili: *ni kosa langu*. Kama nisingekwenda shamba siku ile. Kama ningepiga kelele. Kama nisingepiga kelele.

Kuna tiba inayokamata mawazo kama hayo, iliyobuniwa na Patricia Resick, ya vikao 12 hivi. Haimwambii mama "usijilaumu," kwa kuwa ameshaambiwa na watu mia. Inamwuliza. Ulijua kwamba wako njiani? Kwenda shamba ulikwenda kutafuta nini? Watoto wangekula nini? Aliyekuwa na bunduki nani? Anajijibu mwenyewe, na jibu lake ndilo linalomshika. Katika vijiji vya mashariki mwa Kongo tiba hii ilifanywa kwa vikundi, wakaiongoza wasaidizi wa kijamii wenyeji wenye elimu ya miaka minne au zaidi baada ya shule ya msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja bila tiba hiyo, asilimia 42. Kwa kiwewe matokeo yalifanana na hayo. Na vita vilikuwa havijaisha. Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema tungoje amani kwanza.

Mimi mwanamume. Nimelelewa kujikaza.

Kujikaza kuna mahali pake. Kumekutoa kwenye ajali, kumekufikisha nyumbani, kumewalisha watoto. Shida ni kwamba misuli iliyokazwa miaka kumi haijui tena kulegea, na wanaume wengi huilegeza kwa pombe, au huilegezea kwa mke. Dereva wa bodaboda aliyeona abiria wake akifa, askari aliyebeba maiti, mvuvi aliyerudi peke yake: wote hawa wakija kwangu hawasemi "nina huzuni." Wanasema kifua kinabana, daktari wa moyo hakuona kitu. Njoo na hicho kifua. Hatutaanzia kwenye machozi.

Nyumbani wanasema ni majini. Wengine wanasema maombi yatosha.

Sali, somewa, nenda kwenye maombi. Watu wengi hupata nguvu huko, na tiba ya mazungumzo haishindani na imani ya mtu. Nimewahi kuwa na wateja wanaotoka kwa shehe wakaja kwangu mchana, wakiwa wametulia vizuri kuliko siku nyingine. Mpaka ninaouweka ni mmoja: asipigwe mtu, asifungwe kamba wala minyororo, asinyimwe chakula au dawa alizoandikiwa. Mtu aliyeumizwa na mikono ya watu hatibiwi kwa mikono ya watu kumshika kwa nguvu.

Vipi kuhusu vidonge?

Zipo dawa za sonona, kama setralini na paroksetini, ambazo husaidia baadhi ya wenye kiwewe, hasa sonona ikiwa imechanganyika humo. Huandikwa na daktari na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Diazepamu ni habari nyingine. Inanunuliwa madukani kama pipi, inaleta usingizi usiku huo, na inazoeleka haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, halitaki dawa za jamii hiyo zitolewe kutuliza mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Ukiwa umeshazitumia muda mrefu usiache ghafla. Punguza ukiwa na daktari.

Mtoto wangu aliona kila kitu. Ni mdogo, si atasahau?

Atasahau maneno. Mwili wake hautasahau: atakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, atacheza mchezo ule ule wa mazishi, atakung'ang'ania shule ikifunguliwa. Watoto hutibiwa kwa michoro, michezo na hadithi, na mzazi au mlezi huwa ndani ya tiba, si kwenye benchi la nje. Moshi na Bungoma watoto 640 waliofiwa na mzazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliingizwa katika utafiti wa namna hiyo, na walioongoza vikundi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Matokeo, yaliyotoka 2020, yalikuwa mazuri Bungoma mjini na vijijini, na Moshi vijijini. Moshi mjini hayakupita yale ya msaada wa kawaida.

Msimfiche ukweli kwa kumwambia baba "amesafiri." Atamngoja stendi.

Vikao vingapi? Na kwa nini baada ya viwili naona hali imezidi?

Njia nyingi za kiwewe huchukua vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa vikao vitano, uliojaribiwa Nairobi na wanawake waliopitia ukatili, ukiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii. Aliyeumizwa tangu utotoni, mara nyingi, na mtu wa ndani ya nyumba, atahitaji muda mrefu zaidi, na miezi ya kwanza huenda ikaishia kwenye kujifunza kumwamini mtu aliyeketi mbele yake.

Kuzidi kwa ndoto baada ya vikao vya kwanza ni jambo la kawaida. Umefungua chumba kilichokuwa kimefungwa. Mwambie mnasihi wako, msipunguze mwendo kimyakimya kwa kutohudhuria. Lakini ikiwa unawaza kujidhuru, hilo si la kusubiri Jumanne. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa msaada wa kisaikolojia.

Nitampataje mtaalamu wa kweli? Siri zangu je?

Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi yake, kwa hiyo omba kuona usajili bila kuona haya. Tanzania anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwa afisa ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili. Zipo pia Muhimbili, na Mirembe ya Dodoma. Mwulize maswali mawili: umefunzwa tiba gani ya kiwewe, na nani anakusimamia? Asiyekuwa na msimamizi anabeba peke yake, na atachoka.

Siri inatunzwa, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto anaumizwa. Hayo aambiwe mteja siku ya kwanza. Akigundua baadaye kwamba siri ilikuwa na masharti, mnasihi amempoteza.

Nimebakwa jana. Nianze na tiba hii?

Anza na hospitali, sasa hivi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Dawa ya kuzuia mimba ni ndani ya siku tano. Usioge kama unaweza, weka nguo ulizovaa ndani ya mfuko wa karatasi. Fomu ya polisi, P3 kwa Kenya na PF3 kwa Tanzania, isikucheleweshe kutibiwa. Kenya piga 1195. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, 116 kote kuwili. Mazungumzo yatakuja. Tutakuwepo.

Niko Marekani, na daktari wangu hajui Kiswahili.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Mdai. Usimtumie mwanao kutafsiri; hapaswi kusikia yaliyokupata Uvira au Goma kwa kinywa chake mwenyewe. Kama jumuiya yenu ni ndogo na mkalimani ni mtu mnayesali naye, omba wa kwenye simu, wa mji mwingine, usitaje jina. Na mwambie kabisa mkalimani: usinipambie, niliposema "wakanifanyia vibaya" sema hivyo hivyo, nitafafanua nikiwa tayari.

Nitajuaje kwamba nimepona?

Hutasahau, na sitakudanganya kwamba tarehe ile itapita kama siku nyingine. Fikiria mtu aliyekuwa ofisini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Waliokufa mjini humo walikuwa 213, na wengi walipoteza macho kwa sababu mlio wa kwanza uliwavuta madirishani, kisha vioo vikawarukia. Mtu huyo akienda kwenye bustani ya kumbukumbu kila Agosti akalia, hajashindwa tiba. Ninachomwuliza ni vitu vidogo. Unalala taa ikiwa imezimwa? Wajukuu wakipasua puto unawafokea, au unashtuka kisha unacheka nao? Na kwenye matatu, ukikuta kiti cha dirishani ndicho kilichobaki, unakaa?